Namna ya Kusoma Maudhui ya Bure katika Takwimu za Matumizi ya Rasilimali za Kielektroniki za Maktaba

Mkutubi anayesimamia rasilimali za kielektroniki huulizwa swali moja kila msimu wa bajeti unapokaribia: kifurushi hiki cha majarida kinatumika kiasi gani, na kila makala inayosomwa inatugharimu shilingi ngapi? Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi, kwani bei hugawanywa kwa idadi ya matumizi. Ugumu umo katika hiyo idadi. Ndani yake huwa zimechanganyika makala ambazo taasisi imezilipia na makala ambazo mtu yeyote duniani angezisoma bila kutoa senti, na asiyezitenganisha hupata jibu lililo sahihi kihesabu lakini lisilofaa kuongoza uamuzi wa fedha.

Mwongozo huu unahusu takwimu zinazotolewa kwa kanuni za COUNTER, mpango wa kimataifa ulioanza mwaka 2002 ili wachapishaji wote wahesabu matumizi kwa njia moja. Ninachukulia kwamba msomaji tayari ana namna ya kupata ripoti hizo, ama kwa kuingia katika ukurasa wa msimamizi wa kila jukwaa, yaani tovuti ambamo mchapishaji huweka maudhui yake, ama kwa kuzivuna kwa itifaki ya SUSHI, ambayo huwezesha programu kuzipakua yenyewe.

Bure ziko za aina kadhaa

Neno bure katika Kiswahili ni pana mno kwa kazi hii, kwa hiyo lazima tuligawe kabla ya kufungua jedwali lolote. Kuna makala ya ufikiaji huria, ambayo mchapishaji ameitangaza kuwa wazi kwa watu wote na hana nia ya kuifunga tena, ama kwa sababu mwandishi au taasisi yake amelipa ada ya kuchapisha, ama kwa sababu jarida linagharimiwa na chama cha kitaaluma, chuo au kundi la maktaba. Kuna makala ambayo iko wazi leo kwa hiari ya mchapishaji tu, kama vile matoleo ya zamani yaliyofunguliwa au toleo moja lililoachwa wazi kwa ajili ya matangazo. Kisha kuna maudhui ambayo hayakuigharimu maktaba chochote lakini kwa mgeni yamefungwa: majaribio ya siku 30, makala zinazosomwa baada ya kujiandikisha, na yale yanayotolewa kwa nchi za kipato cha chini kupitia Research4Life, mpango ambao sehemu yake ya kwanza, Hinari, ilianza mwaka 2002 kwa uongozi wa Shirika la Afya Duniani.

Aina hiyo ya mwisho ndiyo inayowakanganya wakutubi wengi wa kwetu. Kwa kuwa chuo hakikulipa, wanatarajia kuikuta katika safu ya maudhui huria, na wasipoiona hudhani kwamba mchapishaji amekosea. Hakuna kosa. COUNTER haiulizi nani alilipa wala alilipa kiasi gani. Inauliza tu kama wakati makala ilipofunguliwa, mtu asiye na idhini yoyote angeweza naye kuifungua. Ikiwa ilihitaji nenosiri, anwani ya IP iliyosajiliwa au akaunti ya kujiandikisha, makala hiyo ilikuwa imefungwa, hata kama bei yake kwa maktaba ilikuwa sifuri.

Kipengele kinachobeba tofauti hii ndani ya ripoti huitwa Access_Type, yaani aina ya ufikiaji. Katika Toleo la 5.1 la kanuni, lililochapishwa mwaka 2023 na kuanza kutumika rasmi kwa matumizi ya Januari 2025, kina thamani tatu. Controlled ni maudhui yaliyofungwa. Open ni ufikiaji huria, yakiwemo makala yaliyofunguliwa baada ya muda wa zuio kumalizika, yaani muda ambao mchapishaji huifunga makala kabla ya kuiachia watu wote. Free_To_Read ni yale yaliyo wazi kwa wote bila kuwa huria, ambayo mchapishaji anaweza kuyafunga tena. Nitatumia majina hayo kama yanavyoonekana katika faili ili msomaji ayatambue atakapoyaona.

Chagua ripoti inayoonyesha mgawanyo

Ripoti ambayo watu wengi huipakua kwanza ni TR_J1, inayoonyesha maombi ya makala, yaani mara ambazo makala kamili zilifunguliwa au kupakuliwa, kwa kila jarida. Ripoti hii imeshachujwa na ina Controlled peke yake. Inafaa kwa hesabu ya gharama, lakini haitakwambia lolote kuhusu maudhui ya bure. Kwa majarida, ripoti inayoonyesha mgawanyo ni TR_J3, na kwa vitabu ni TR_B3. Ukitaka kuona aina ya ufikiaji pamoja na mwaka wa kuchapishwa kwa makala, basi pakua TR, yaani ripoti kuu ya vichwa (majina ya majarida na vitabu), na wakati wa kuiomba hakikisha kwamba safu za Access_Type na YOP zimechaguliwa, kwa sababu hazijitokezi zenyewe pasipo kuombwa. Mimi huanza na TR kila mara. Faili yake ni kubwa na inachosha macho, lakini kutoka humo unaweza kutengeneza ripoti nyingine zote ndogo za majarida na vitabu, wakati kutoka TR_J1 huwezi kurudi nyuma.

Ukishaifungua, chagua kipimo kimoja na ukishike. Kwa majarida, kipimo kinachofaa ni Unique_Item_Requests, kinachohesabu makala moja mara moja tu ndani ya kikao kimoja cha msomaji. Total_Item_Requests huhesabu kila ufunguzi, isipokuwa ule unaorudiwa ndani ya sekunde 30, kwa hiyo msomaji aliyefungua ukurasa wa makala kisha akapakua PDF ya makala hiyohiyo huhesabiwa mara mbili. Vipimo vyenye neno Investigations huingiza hata aliyetazama muhtasari akaondoka, na kuvitumia katika hesabu ya gharama ni kujidanganya.

Kisha panga safu kwa aina ya ufikiaji. Jambo la kwanza litakalokushtua ni kuona majarida ambayo maktaba haijawahi kuyalipia. Usiyafute. Hayo ni majarida huria kabisa, au ni majarida mseto ambayo yana makala huria kati ya makala zilizofungwa, na wasomaji wako wamesoma zile zilizo huria. Uwepo wa jina la jarida katika ripoti hauthibitishi kwamba mna haki nalo.

Mfano wa hesabu

Tuseme chuo kinalipa shilingi 60,000,000 kwa mwaka kwa kifurushi kimoja cha majarida, na TR inaonyesha jumla ya Unique_Item_Requests 12,000. Mtu mwenye haraka atagawanya na kuandika kwamba kila makala imegharimu shilingi 5,000. Lakini baada ya kutenganisha tunakuta Controlled 7,200, Open 4,100 na Free_To_Read 700. Fedha za chuo zilinunua zile 7,200 tu, kwa kuwa nyingine 4,800 zingesomwa vilevile hata kama mkataba usingekuwepo. Gharama halisi ya kila makala ni shilingi 8,333.

Hatujamaliza. Hesabu hiyo inajibu swali la tulinunua nini mwaka uliopita, wakati swali la ofisi ya fedha mara nyingi ni tutapoteza nini tukiacha kulipa. Ili kulijibu, tazama safu ya YOP ndani ya zile 7,200. Tuseme mikataba iliyopita imewapa haki ya kudumu ya matoleo ya 2015 hadi 2022, na makala 2,600 kati ya zile zilizosomwa ni za miaka hiyo. Hizo zitaendelea kusomeka baada ya mkataba kukatwa. Zitakazopotea ni 4,600, na gharama ya kila moja inakuwa takriban shilingi 13,043. Tumeanza na shilingi 5,000 na kufika zaidi ya 13,000 bila kubadilisha takwimu hata moja.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Katika maktaba moja niliyofanya kazi, tuliwahi kupeleka mbele ya kamati hesabu iliyojumlisha kila kitu, kifurushi kikaonekana cha bei nafuu na kikahuishwa kwa miaka mitatu, huku hifadhidata ndogo ya kilimo ambayo matumizi yake yote yalikuwa ya maudhui yaliyofungwa ikikatwa kwa kuonekana ghali. Hakuna aliyedanganya, ila tulilinganisha vitu viwili visivyolingana.

Matumizi ya bure ambayo ripoti haiyaoni

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji asimame kidogo, kwa sababu kosa la upande wa pili ni kubwa sawa na hilo nililolieleza, na kwa vyuo vya Afrika Mashariki pengine ni kubwa zaidi.

Ripoti ya taasisi huonyesha matumizi ambayo jukwaa limeweza kuyahusisha na taasisi hiyo, kwa anwani ya IP au kwa kuingia kupitia akaunti ya chuo au proksi, yaani seva ya chuo inayompitisha msomaji aliye nje. Fikiria mwanafunzi aliye Mbagala au Kasarani, aliyenunua bando la intaneti kwenye simu yake na kutafuta makala kwa Google Scholar. Akikuta makala imefungwa, atalazimika kuingia kwa akaunti ya chuo, na usomaji wake utaandikwa kwa jina la chuo. Akikuta makala huria, ataisoma papo hapo kwa anwani ya IP ya kampuni ya simu, na chuo hakitaandikiwa chochote. Usomaji huo utaingia tu katika ripoti ya matumizi ya dunia nzima, ambayo COUNTER huiandika kwa jina la The World. Kwa hiyo safu ya Controlled hukaribia ukamilifu, wakati safu ya Open huonyesha hasa waliosoma wakiwa ndani ya mtandao wa chuo au waliokuwa tayari wameingia kwa akaunti.

Mizani hii imeinama kwa sababu ya namna data inavyokusanywa, na haituambii kitu kuhusu mapenzi ya wasomaji. Chuo ambacho wanafunzi wake wengi wanaishi mtaani na kutumia bando kitaonekana kusoma maudhui huria kidogo kuliko chuo chenye mabweni na Wi-Fi nzuri, hata kama wasomaji wa vyuo hivyo viwili wana mazoea yaleyale. Kwa sababu hiyo, idadi ya Open katika ripoti ya taasisi isomwe daima kama kiwango cha chini kabisa: tunajua kwamba matumizi hayakuwa pungufu ya hapo. Kuisoma kama jumla ni kosa, na kuitumia kulinganisha taasisi moja na nyingine ni kosa la hatari zaidi.

Kuna wanaopendekeza kuwalazimisha wasomaji wapitie proksi hata kwa majarida huria ili hesabu itimie. Siungi mkono. Kumwekea mwanafunzi mlango wa nenosiri mbele ya makala ambayo mwandishi wake ameifungua kwa dunia nzima, kwa faida ya jedwali letu, ni kuipindua kazi ya maktaba. Njia ya upole zaidi ni kuongeza ushahidi mwingine pembeni, kama vile idadi ya watu waliobofya viungo vya majarida huria kutoka katalogi ya maktaba au kutoka orodha ya majarida, huku tukieleza wazi kwamba kubofya si kusoma na kwamba namba hizo hazijumlishwi na zile za COUNTER. Vilevile ikumbukwe kwamba makala huria huwa na nakala katika sehemu nyingi, zikiwemo PubMed Central na hazina za machapisho za vyuo, na anayesoma nakala hizo haonekani kabisa katika ripoti ya jukwaa la mchapishaji.

Jarida lililofunguliwa kwa michango ya maktaba

Hali moja inavunja kanuni niliyoitoa katika mfano wa hesabu, nayo ni ile ya majarida yanayofunguliwa kwa michango ya maktaba. Katika mtindo huu, maktaba zinaendelea kulipa kama kawaida, na michango ikitosha mchapishaji hulifungua toleo la mwaka huo kwa watu wote. Wachapishaji Annual Reviews walifungua majarida yao yote kwa mtindo huu mwaka 2023. Makala za jarida la namna hiyo huandikwa Open, na TR_J1 huonyesha matumizi yakiporomoka mwaka uleule mpango unapofanikiwa. Anayegawanya bei kwa Controlled ataona gharama ikipanda hadi mbinguni na kushauri kwamba mchango ukatwe, naye atakuwa ameshauri kuuangusha mpango kwa sababu umefaulu.

Kwa majarida haya, weka orodha yake pembeni na usiyaingize katika jedwali la gharama kwa kila makala. Kinachofaa kuonyeshwa ni jumla ya Controlled na Open kwa miaka kadhaa, ili kamati ione kwamba usomaji umeendelea ama umekua, na maelezo mafupi kwamba fedha inayolipwa ndiyo inayoyaweka wazi. Ulinganisho wa bei ufanywe na mchango mwingine wa aina hiyohiyo, kwa kuwa hapa maktaba hainunui ruhusa ya kuingia.

Mikataba inayounganisha kusoma na kuchapisha inahitaji uangalifu unaofanana na huo, ingawa kwa njia nyingine. Sehemu ya bei yake inalipia makala za waandishi wa taasisi, na kadiri taasisi nyingi duniani zinavyoingia mikataba hiyo, ndivyo sehemu iliyofungwa ya majarida inavyopungua. Ikiwa mkataba umetaja kiasi cha kusoma na kiasi cha kuchapisha, tumia kiasi cha kusoma peke yake katika mgawanyo. Ikiwa haukutaja, mwombe mchapishaji akutajie kabla ya kusaini upya.

Miaka isiyolingana

Mfululizo wa miaka mingi una mishono mitatu ambayo lazima ioneshwe kwenye chati. Mshono wa kwanza ni Januari 2019, Toleo la 5 lilipochukua nafasi ya Toleo la 4. Ripoti ya zamani ya JR1 ilijumlisha kila makala, na maudhui huria yalionyeshwa katika ripoti ya pembeni iliyoitwa JR1 GOA. Kwa data ya miaka hiyo, toa namba za JR1 GOA kutoka JR1 kabla ya kuilinganisha na chochote, na usisahau kwamba JR1 haikuwa na kipimo cha pekee kama Unique_Item_Requests, kwa hiyo mwenziwe wa karibu ni Total_Item_Requests.

Mshono wa pili ni mwaka 2020. Vyuo vilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, wachapishaji wengi walifungua maudhui yao kwa muda. Chini ya Toleo la 5 la wakati huo, maudhui ya namna hiyo kwenye majukwaa ya wachapishaji yaliandikwa Controlled, kwa sababu thamani ya maudhui ya kusomwa bure ilitengwa kwa ajili ya hazina za taasisi peke yake. Katika baadhi ya maktaba namba zilipanda kwa wasomaji kufungua vitu ambavyo maktaba haikuvilipia, na katika nyingine zilishuka kwa sababu wasomaji walikuwa nyumbani na hawakuhitaji tena kuingia kwa akaunti. Usiutumie mwaka huo kama msingi wa ulinganisho.

Mshono wa tatu ni Januari 2025. Katika Toleo la 5, maudhui huria yaliitwa OA_Gold, na makala zilizofunguliwa baada ya muda wa zuio zilihesabiwa Controlled pamoja na zile zilizofunguliwa kwa matangazo. Katika 5.1 makala hizo zimehamia Open na Free_To_Read. Kwa hiyo TR_J1 ya 2025 inaweza kuonyesha upungufu hata kama hakuna msomaji hata mmoja aliyeondoka, na upungufu huo utakuwa mkubwa zaidi kwa wachapishaji wanaofungua makala baada ya mwaka mmoja. Ili kujua kama wasomaji wamepungua kweli, linganisha jumla ya aina zote za ufikiaji za 2024 na jumla ya aina zote za 2025 kwa Unique_Item_Requests ya majarida. Jumla zikikaribiana, kilichohama ni lebo. Gharama kwa kila makala iliyopatikana kwa Controlled ya 2024 iachwe kama ilivyo na iwekewe alama, kwa sababu haiwezi kurekebishwa kutoka kwenye ripoti.

Kwa vitabu mambo ni mepesi kidogo: tumia Unique_Title_Requests, inayohesabu kitabu kimoja mara moja tu ndani ya kikao kimoja na ambayo haijali kama mchapishaji anatoa kitabu kizima au sura moja moja, na utenganishe aina za ufikiaji kwa TR_B3.

Kuandika matokeo kwa wasio wakutubi

Kamati ya fedha haihitaji kusoma neno Controlled. Inahitaji sentensi zinazoeleweka, na sentensi hizo ziwe mbili kila mara, moja kwa maudhui yaliyolipiwa na nyingine kwa yaliyo wazi. Kwa mfano wetu ningeandika hivi: wasomaji wetu walifungua makala 7,200 ambazo zilipatikana kwa sababu ya mkataba huu, kwa gharama ya shilingi 8,333 kila moja. Kwenye jukwaa hilohilo walifungua pia angalau makala 4,800 zilizo wazi kwa watu wote, ambazo hazikutegemea mkataba.

Neno angalau lisiachwe, kwa sababu ndilo linalobeba yale yote niliyoeleza kuhusu mwanafunzi mwenye bando. Wala sentensi ya pili isiachwe kwa kudhani kwamba si ya maana. Katika Kiswahili kitu cha bure hudhaniwa upesi kuwa hakina thamani, na nimeona dhana hiyo ikipenya katika ripoti ambamo safu ya Open ilifutwa kabisa ili jedwali lisiwe refu. Safu hiyo ndiyo inayomwonyesha mkutubi ni majarida gani huria ya kuongeza katika katalogi na ni wachapishaji gani ambao sehemu kubwa ya wanachokiuza tayari iko wazi. Mkutubi anayeingia kwenye mazungumzo ya bei akijua kwamba theluthi moja ya matumizi kwenye jukwaa ni ya makala huria ana hoja ambayo mchapishaji hawezi kuipuuza, kwa kuwa namba hizo zimetoka kwa mchapishaji mwenyewe.

Mwisho wa kazi, hifadhi faili ya TR kama ilivyopakuliwa, bila kuigusa, ukiandika katika jina lake jukwaa, kipindi, toleo la COUNTER na tarehe ya kupakua. Wachapishaji hurekebisha ripoti zao mara kwa mara, na mwakani utakapoulizwa kwa nini namba zimebadilika, faili hiyo ndiyo itakayokuonyesha ni wasomaji waliobadilika au ni ripoti yenyewe.